Nakala za baiti 20

Wiki jana kijana mmoja anayeanza kazi hii ya kuhifadhi tovuti za watu alinipigia simu akaniuliza, "Kaka, mimi nafanya bakapu kila usiku. Hiyo si inatosha?" Nikamuuliza mara ya mwisho kurudisha hata moja ilikuwa lini. Akanyamaza. Nikabaki nasikia honi za matatu nyuma yake. Nikamwambia tutaongea baadaye, kisha nikaketi kuandika haya, maana jibu lenyewe ni refu kuliko salio la simu yangu.

Basi vuta kiti. Kisa hiki ni cha mwaka wa 2008 na mkosaji ndani yake ni mimi mwenyewe. Mtoa huduma sitamtaja, mteja sitamtaja, kwa sababu hakuna aliyekosea isipokuwa mimi.

Mambo yalivyokuwa

Wakati huo nilikuwa na ofisi ya chumba kimoja hapa Nairobi, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vipuri vya magari. Nilikuwa natengeneza tovuti na programu ndogo ndogo, na nilikuwa nimekodi seva moja huko Marekani ambamo niliweka tovuti 38 za wateja. Nyingi zilikuwa kurasa za kawaida tu: picha ya jengo, namba ya simu, basi. Lakini 14 kati ya hizo zilikuwa na hifadhidata nyuma yake, yaani zilikuwa zinapokea na kutunza habari kila siku.

Mkumbuke pia hali ya intaneti ya wakati huo. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka wa 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na ukitaka kupakua faili la megabaiti 40 unaliwasha usiku, unaomba Mungu, unaenda kulala.

Mteja wangu mkubwa alikuwa ushirika mmoja wa maziwa huko Kinangop. Wakulima kama 600. Kazi yao ilienda hivi: alfajiri mkulima analeta maziwa kituoni, karani anapima kilo, anaziandika kwenye kitabu chake, halafu anaziandika tena kwenye kadi ya mkulima. Kitabu kinapelekwa ofisini na karani wa kompyuta anaingiza kila kitu kwenye programu yangu kupitia modemu iliyokuwa ikilia kama kuku aliyeshikwa. Mwisho wa mwezi programu inajumlisha kilo, inatoa deni la chakula cha ng'ombe ambacho mkulima alichukua dukani kwa mkopo, na inachapisha orodha ya malipo. Kabla ya programu hiyo kazi hii iliwachukua makarani wawili wiki nzima na ugomvi haukosi. Programu iliifanya kwa dakika 2. Nilikuwa najivunia sana.

Na nakala rudufu nilikuwa nazo, msidhani sikuwa nazo. Kila usiku saa 8, cron iliamsha skripti yangu pale kwenye seva. Sehemu yake muhimu ilikuwa mistari hii miwili:

mysqldump -u root -p$NYWILA --all-databases 2>/dev/null | gzip > nakala.sql.gz
echo "Nakala imekamilika" | mail -s "Nakala" mimi

Saa 9 usiku kompyuta ya ofisini ilijiunga na seva kwa FTP na kuvuta faili hilo, ikaliwekea tarehe. Ili diski isijae, ilifuta mafaili yaliyopita siku 30. Na kila asubuhi saa 12 nikiwa nakunywa chai nilikuta barua pepe: Nakala imekamilika. Nani angelala vibaya?

Kama unajua kazi hii, tayari umeshaona ugonjwa uko wapi. Kama hujui, usijali, hata mimi niliyeiandika sikuuona.

Mwezi wa Machi nilisoma makala kuhusu usalama wa seva nikaingiwa na hofu, nikabadilisha nywila ya MySQL. Nilifanya vizuri. Ila nywila ya zamani ilikuwa imeandikwa ndani ya skripti, na skripti nikaisahau.

Jambo moja lilitokea baada ya hapo ambalo lingenifumbua macho. Lile faili lililokuwa likichukua karibu saa 2 kufika kutoka Marekani lilianza kufika kwa sekunde chache. Mimi nikafurahi. Nikamwambia rafiki yangu kwamba hatimaye watu wa intaneti wameamka.

Usiku wa 19 Agosti

Jumanne tarehe 19 Agosti 2008 diski ya seva ilikufa. Asubuhi hakuna tovuti hata moja iliyokuwa ikifunguka. Nikawaandikia watoa huduma. Wakajibu kwa adabu kwamba wameweka diski mpya, seva iko tayari, na kwamba kulingana na mkataba nakala za data ni jukumu la mteja. Nikausoma mkataba kwa mara ya kwanza. Ni kweli, iliandikwa hivyo.

Sikuogopa. Nikafungua folda ya nakala kwenye kompyuta ya ofisini. Mafaili 30 yamejipanga vizuri, kila moja na tarehe yake. Nikachukua la mwisho, nikalifungua. Tupu. Nikachukua la siku iliyotangulia. Tupu. Ndipo nilipotazama safu ya ukubwa wa faili, safu ambayo siku zote ilikuwa pale mbele ya macho yangu. Baiti 20. Baiti 20. Baiti 20. Mpaka chini.

Baiti 20 ndio ukubwa wa faili ambalo gzip inakupa ukiipa hewa tupu uifinye. Jaribu mwenyewe uone. Kilichokuwa kikitokea ni hiki: mysqldump ilijaribu kuingia kwa nywila ya zamani, ikakataliwa, ikalalamika. Malalamiko yake mimi mwenyewe nilikuwa nimeyaelekeza kwenye /dev/null, yaani shimoni, kwa sababu zamani yalikuwa yakinijazia barua pepe. Gzip haikupokea kitu, ikakifinya hicho kisicho kitu kwa uaminifu wote, ikasema kazi imefanikiwa. Na ukiunganisha programu mbili kwa mstari ule wa wima, shell husikiliza jibu la ile ya mwisho tu. Halafu, hata kama kila kitu kingeshindwa, mstari wangu wa pili ungetuma barua ileile. Ile "Nakala imekamilika" niliyoisoma kwa miezi 5 nilikuwa nimeiandika kwa mkono wangu. Haikuwa imekagua kitu chochote.

Na lile wazo langu la kufuta mafaili ya zamani? Lilikuwa limefanya kazi vizuri mno. Katika siku 30 za kwanza baada ya Machi, skripti ilifuta nakala nzima zote moja baada ya nyingine na kuweka tupu mahali pake.

Sasa niwaambie sehemu ambayo hunitia aibu mpaka leo, kuliko hata zile baiti 20. Meneja wa ushirika alipiga simu Jumatano asubuhi. Nikamwambia ni shida ya mtandao huko Marekani. Akapiga tena Alhamisi. Nikamwambia wanashughulikia. Nilikuwa natafuta muda, nikitumaini kwamba kuna mtu atafufua ile diski. Hakuna aliyeifufua. Ijumaa alfajiri nilipanda matatu, nikashuka Flyover, nikachukua nyingine ya Njabini, na njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno ambayo sikuyatumia. Nilipofika nilimwambia meneja, "Mzee, data imepotea, na kosa ni langu."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha hakuniuliza kuhusu seva wala diski. Aliniuliza, "Nitawalipa watu kwa kutumia nini?"

Kumbe huo ndio ulikuwa uzito wenyewe. Kwangu mimi zilikuwa rekodi. Kwake zilikuwa maziwa ya siku 18 ambayo tayari yalikuwa yamenyweka, ambayo wenyewe walikuwa hawajalipwa, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa kwa muhula wa tatu.

Debe la Kimbo

Bahati ya kwanza: mwezi Machi nilikuwa nimechoma CD ya data yote ya ushirika kwa ajili ya mkaguzi wa hesabu. Ilikuwa kabatini kwao. Kwa hiyo orodha ya wanachama na hesabu mpaka tarehe 11 Machi tuliipata, ila wanachama 47 waliojiunga baadaye hawakuwemo. Malipo ya miezi iliyofuata yalikuwa yamechapishwa kwenye karatasi. Kilichokosekana kabisa kilikuwa kilo za Agosti, zaidi ya rekodi 10,000, na madeni ya dukani.

Bahati ya pili: vitabu vya makarani wa vituo vilikuwepo. Tukakaa watu watatu, mimi na makarani wawili, tukaanza kuingiza upya kutoka asubuhi mpaka giza. Siku 9. Nililala kwa karani mmoja. Madeni tuliyatoa kwenye vitabu vya risiti vya dukani.

Lakini kitabu cha kituo kimoja kilikuwa kimelowa mvua na kurasa zake zilikuwa zimegandamana, wino umechuruzika. Kwa kituo hicho tukatangaza wakulima waje na kadi zao. Wengi walikuja, wengine na kadi iliyokunjwa mara nane, wengine imeliwa na panya pembeni. Na akaja shosho mmoja na debe la Kimbo, lile la mafuta ya kupikia. Akalifungua mezani. Ndani kulikuwa na kadi zake zote zimefungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka, za chini kabisa zilikuwa za 1989.

Nikamuuliza, "Shosho, hizi zote za nini? Zile za zamani si zilishalipwa?"

Akanijibu kwa Kikuyu, na mimi nawapa kwa Kiswahili: "Mashine ya ofisi ni yenu. Hii ni yangu."

Nikadhani anaziweka tu, kama wazee wanavyoweka vitu. La. Akanieleza kwamba kila mwisho wa mwezi mjukuu wake anamsomea karatasi ya malipo, naye anafuata kwenye kadi, siku kwa siku. Kama hazilingani anakuja ofisini siku hiyo hiyo. Karani aliyekuwa kando yangu akatikisa kichwa. Akasema ni kweli, anawajua, alishawahi kuwakamata mara mbili. Kisha shosho akanitazama na kuuliza bila ubaya wowote, "Na wewe mjukuu wangu, kadi yako iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na digrii ya kompyuta na mafaili 30 ya baiti 20.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi daftari nilikuwa nalo. Ila shosho alikuwa analifungua lake kila mwezi na kulilinganisha, mimi nilikuwa natazama jalada tu.

Malipo ya tarehe 5 Septemba yalitoka tarehe 11. Siku 6 zinaweza kuonekana chache ukiwa Nairobi. Baba mmoja aliniambia mtoto wake alikaa nyumbani siku 4 kwa sababu ya karo, na hakuniambia kwa hasira, aliniambia kama mtu anayetoa taarifa. Wakulima 31 hesabu zao hazikulingana na vitabu. Kamati ikaamua kila mmoja alipwe kulingana na kadi yake. Tofauti ilikuwa shilingi 18,400 na nikailipa mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijilazimisha mwenyewe.

Wale wateja wengine 13 wenye hifadhidata hawakuwa na mkaguzi wala CD. Shule moja ilikuwa na nakala yake ya zamani. Duka moja la vikapu na shanga lililokuwa likiuza ng'ambo lilipoteza oda zake zote na majina ya wateja wake wote. Mama mwenye duka hilo nilimpigia simu mara nyingi. Hakushika tena. Namuelewa.

Ushirika haukunifukuza, na mpaka leo nashangaa. Meneja alitoa sharti moja: "Sitaki tena kuambiwa imekamilika. Nataka kuonyeshwa."

Ninavyofanya siku hizi

Sasa turudi kwa yule kijana. Haya ndiyo ninayoyafanya, na kila moja lina kovu lake.

Kwanza, skripti iseme ukweli. Mwanzoni mwa skripti ya bash naweka set -o pipefail, ili sehemu yoyote ya mnyororo ikishindwa, mnyororo mzima uhesabike umeshindwa. Malalamiko siyatupi shimoni. Kisha skripti inakagua faili lenyewe: je, ukubwa wake umepungua ghafla kuliko la jana? Je, mstari wa mwisho una maneno "Dump completed"? Mysqldump huandika maneno hayo mwishoni pale tu inapomaliza salama. Kama hayapo, nakala imekatika njiani. Na hakuna cha zamani kinachofutwa mpaka kipya kimepita ukaguzi.

Pili, ukimya uwe ndio kengele. Barua ya "imekamilika" kila siku humzoesha mtu asisome. Siku hizi mashine nyingine, isiyo seva hiyo, inasubiri salamu kila usiku. Salamu isipofika, inanipigia kelele mimi. Kwa njia hiyo hata seva nzima ikifa, au barua zikikwama, nitajua.

Msidhani ni sisi wadogo tu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kutunza kazi za waandishi wa programu duniani kote, ilifuta kwa bahati mbaya hifadhidata yake kuu. Mhandisi alidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye ile yenyewe. Karibu gigabaiti 300 zikaondoka. Walipokwenda kwenye nakala za kila siku wakakuta hakuna kitu: programu ya kutoa nakala ilikuwa toleo la 9.2 la PostgreSQL na hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikishindwa kila mara. Na barua pepe za kuwaonya? Zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo mtu alikuwa ameipiga saa 6 kabla kwa shughuli nyingine kabisa. Waliandika yote hayo hadharani, na mimi nilipoyasoma nilihisi kama nasoma barua kutoka kwa ndugu.

Tatu, toa nakala iliyo kamili. Kwa majedwali ya InnoDB natumia --single-transaction, ili nakala iwe ya dakika moja ileile hata kama watu wanaendelea kuingiza data. Majedwali ya zamani ya MyISAM hayanufaiki na hilo, lazima yafungwe kwanza. Naongeza --routines na --events, kwa sababu taratibu zilizohifadhiwa ndani ya hifadhidata hazitoki zenyewe usipoziomba. Na kwa wateja ambao saa 24 ni hasara kubwa, naweka pia kumbukumbu za mabadiliko, zile MySQL inaziita binary log. Nakala ya usiku pamoja na kumbukumbu hizo zinaweza kukurudisha mpaka dakika moja kabla ya ajali.

Na usisahau vitu visivyo ndani ya hifadhidata: picha na hati walizopakia wateja, mipangilio ya seva, rekodi za DNS, orodha ya kazi za cron. Nimewahi kurudisha hifadhidata nzima kwa dakika 20 kisha nikakaa siku 2 nikikumbuka seva ilipangwaje.

Nne, nakala isikae nyumba moja na mwenyewe. Kanuni inayosemwa sana ni 3-2-1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja iwe mbali. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVH huko Strasbourg, Ufaransa, na kuna wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao zilikuwa palepale penye moto. Diski mbili zinazoigana ndani ya seva moja si nakala rudufu. Seva pacha si nakala rudufu. Ukifuta kitu kwa bahati mbaya, pacha anakifuta pia kwa utiifu, ndani ya sekunde.

Tano, mashine ya nakala ivute, seva isisukume. Kama seva ya tovuti ina ruhusa ya kuandika na kufuta kule ziliko nakala, basi mwizi akiingia kwenye seva amepata na nakala. Hawa wezi wa siku hizi wanaofunga data na kudai fidia hutafuta nakala kwanza. Kwangu mimi seva haina hata anwani ya mashine ya nakala.

Sita, nakala ni data ya watu. Hili mwaka wa 2008 sikulifikiria kabisa. Ile CD kabatini ilikuwa na majina, namba za vitambulisho na madeni ya mamia ya watu, bila kufuli. Sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ikifikiwa na mtu asiye na ruhusa na kukawa na hatari ya kweli kwa wenyewe, mwenye data anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, na sisi tunaowatunzia wengine tunatakiwa kumwarifu mwenye data bila kuchelewa, ndani ya saa 48 inapowezekana. Nakala iliyopotea kwenye matatu ni data iliyopotea. Kwa hiyo nasimba kila nakala kabla haijaondoka. Na ufunguo wa kuzifungua siuweki kwenye seva ileile, maana seva ikifa na ufunguo umekufa nao. Umechapishwa kwenye karatasi, uko mahali pawili.

Saba, na hili ndilo ningembakizia yule kijana kama angesahau mengine yote: rudisha. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachukua mashine tupu, nachagua mteja mmoja kwa kura, narudisha nakala yake kutoka mwanzo nikiwa na saa mkononi. Halafu nahesabu. Majedwali mangapi, rekodi ngapi, rekodi ya mwisho ni ya tarehe gani, na jumla moja ambayo mteja anaijua kwa karatasi yake. Kwa ushirika ni kilo za mwezi uliopita. Meneja wa sasa ananisomea jumla yake kwa simu, na mimi nasoma ninayoiona kwenye skrini. Zikilingana tunaagana. Nikimaliza naandika muda niliotumia, kwa sababu mteja akiuliza "tutarudi lini?" siku ya ajali, ni afadhali nimpe muda niliopima kuliko muda ninaotamani.

Tangu nianze zoezi hili nimekuta nakala mbovu mara 3. Mara moja diski ya nakala ilijaa. Mara moja mteja alibadilisha jina la hifadhidata bila kuniambia. Mara moja nilikuwa nimekosea mwenyewe tena. Mara zote 3 ilikuwa Jumamosi tulivu, hakuna aliyekuwa akisubiri karo ya mtoto.

Basi kijana, jibu langu ni hili. Usinipigie kwanza. Leo jioni fungua folda yako ya nakala, tazama safu ya ukubwa wa faili, halafu chukua la jana ulirudishe kwenye kompyuta ambayo haina kitu. Likirudi, andika ilichukua dakika ngapi. Lisiporudi, mpigie mteja wako kesho asubuhi umweleze, kabla yeye hajakupigia. Ukishamaliza hapo nipigie, hata kama ni usiku. Nitakuwa macho.